Mwanangu, Kabla Hujamrudisha Yule Jike

Mwanangu,

Barua yako imefika salama, na mama yako ameisoma kabla yangu kama ilivyo kawaida yake. Sote hatujambo. Shaba, mbwa wetu mzee, naye yupo, ndevu zimekuwa nyeupe tupu, na siku hizi akitaka kulala huzunguka mara tatu nne palepale, kisha hubaki amesimama kama aliyesahau alichokuwa anakitafuta.

Umeniuliza niliwezaje kukaa na mbwa watano nyumba moja, ilhali wewe wawili tu wamekutoa jasho, hadi juzi wakarukiana jikoni ukapanda juu ya kiti. Umeuliza pia kama umrudishe yule jike mpya alikotoka. Na kule chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayejua atakemewa, umesema rafiki yako amekushauri umbwage chini umkandamize mpaka atulie, ajue bosi ni nani.

Nianzie huko chini. Usifanye.

Mimi nilifanya. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Simba alikuwa na tabia ya kunguruma mtu akipita karibu na bakuli lake. Haumi, hafanyi kitu, ananguruma tu. Mzee mmoja aliyefuga mbwa miaka mingi akaniambia mbwa wa namna hiyo anataka kukupindua. Mlaze chali, mshikilie shingo, mtazame machoni. Nikamsikiliza. Kila Simba akinguruma, namlaza. Baada ya wiki mbili hivi akanyamaza kabisa, nami nikawa natembea kifua mbele. Jioni moja Kiko, bado mtoto, miguu yenyewe haijui inakokwenda, akapita kando ya bakuli lile. Simba hakutoa sauti. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni, akageuza shingo, akamng'ata sikio. Lile pengo kwenye sikio la Kiko ulilopenda kulipitisha kidole ndilo hilo.

Simba hakuwa amebadilika. Tangu mwanzo hakutaka mtu karibu na chakula chake, na aliendelea hivyohivyo. Ila zamani alikuwa anatuambia, mimi nikamfundisha asituambie. Kwa hiyo jike wako akinguruma, mshukuru kimoyomoyo, kisha uangalie ni kitu gani kimemsogelea.

Hili neno la bosi lina historia yake, na niliisoma nikiwa nimekwisha kuharibu. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolf Schenkel, aliandika kuhusu mbwa mwitu, wale Waingereza huwaita "wolf", waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Waligombea nafasi, mkubwa akawa mkubwa, na watu wakachukua picha hiyo wakaibandika kwa kila mbwa aliyelala sebuleni. Mmarekani David Mech akaieneza zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Halafu Mech huyohuyo akaenda kuwatazama mbwa mwitu walio huru, majira baada ya majira, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wakubwa wanaongoza kwa sababu ndio waliowazaa wengine, si kwa sababu walishinda vita. Nilimheshimu sana kwa hilo. Si watu wengi wanaoweza kusema hadharani kwamba lile nililowaambia zamani, liacheni.

Na mbwa wetu si mbwa mwitu hata hivyo, wameachana nao zamani mno. Mwaka 1914, huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, wachimbaji walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi lile lina miaka kama 14,000. Waliochunguza meno ya yule mbwa waliona alama za ugonjwa mbaya alioupata akiwa mtoto, na wanaamini ni distempa, ugonjwa wa virusi unaowashika mbwa. Ugonjwa ule mpaka leo unaua, na wanasema asingeishi muda aliouishi bila mtu kumuuguza. Mara nyingi humfikiria mtu huyo. Hana dawa, hana daktari, anakaa usiku na mtoto wa mbwa anayetapika, mbwa ambaye hata kuwinda hajaweza. Yeye naye sijui kama alikuwa na wazo lolote la kuwa bosi.

Sasa swali lako la mbwa watano. Ulikuwa ukiniona kila jioni na daftari, na ulikuwa ukinicheka na mama yako kwamba baba anaandika habari za mbwa kama mtu anayeandika mahesabu ya duka. Ni kweli nilianza kwa ajili ya mahesabu: nani amepewa dawa ya minyoo, nani amechanjwa lini, nani hakumaliza chakula. Ukiwa na mmoja unakumbuka. Wakiwa watano utampa mmoja dawa mara mbili na mwingine utamruka, uape kwamba wote wamepata.

Lakini mbwa hawaongezeki kama mayai kwenye trei. Ukiwa na wawili, kuna uhusiano mmoja tu wa kuuangalia. Watatu, uhusiano 3. Watano, uhusiano 10, na kila mmoja una mambo yake. Kiko na Simba hawakuweza kula chumba kimoja lakini walilala mgongo kwa mgongo. Tufani alimwogopa Shaba nje, ndani akampanda kichwani. Kichwa changu hakikutosha, ndipo nikaanza kuandika na ugomvi.

Nimelifungua daftari moja sasa hivi, nakunakilia: "Jumanne asubuhi, mvua. Tufani kamrukia Shaba mlangoni. Hakuna chakula karibu. Wote wanataka kuingia. Mimi nimesimama katikati na ndoo."

Wakati ule nilikuwa nimekwisha kumhukumu Tufani. Mkorofi, basi. Hata jina lake nililiona limemfaa. Baada ya miezi miwili nikakaa nikahesabu, nikakuta ugomvi 12, mikubwa kwa midogo, na 9 kati yake ilitokea palepale mlangoni, wengi wanapita pembamba, wote wamepandwa na furaha. Tufani alionekana kila mara kwa sababu alikuwa wa mbele. Tangu hapo sikufungua mlango kabla hawajatulia, na nilikuwa nawaita kwa jina, mmojammoja, Shaba kwanza kwa sababu ya umri. Sikumbadilisha Tufani hata chembe, na ugomvi ukaisha karibu wote. Ile mitatu iliyobaki ilikuwa ya mifupa, na mifupa nikaacha kuitoa wakiwa pamoja. Hapo hapakuwa na ufundi wowote.

Kwa hiyo niambie: jikoni walikuwa wamesimama wapi? Hukuniandikia. Umeniandikia kwamba jike "ana roho mbaya", na kwamba wa kwanza "ana wivu". Hayo siwezi kuyafanyia kazi. Nataka kujua kama mlango ulikuwa nyuma yao, kama kulikuwa na kitu sakafuni, kama wewe ulikuwa katikati na chakula mkononi, kama mgeni alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

Na sekunde chache kabla ya hapo, je. Watu husema "ghafla tu", mimi pia nilisema hivyo, mpaka nilipojifunza kutazama. Mbwa aliyekuwa anahema mdomo wazi anafunga mdomo. Mwili unakakamaa kama ubao. Anapiga miayo na wala hana usingizi, analamba pua na wala hali kitu, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Mkia usikudanganye, mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka, si wa furaha. Ukiyaona hayo usipige kelele. Ita mmoja kwa sauti ya kawaida, kama unamwitia kitu kizuri, na uondoke naye.

Mchezo ni kitu kingine, na usije ukauzima kwa woga. Wakicheza utaona kifua kinainama chini na matako yamebaki juu, utaona wanabadilishana, sasa huyu anakimbizwa, sasa anakimbiza. Ukiwa na shaka, mshike kidogo yule anayeonewa... nimekosea, mshike anayeonea. Yule mwingine akija mwenyewe kumchokoza, ni mchezo. Akienda zake kujificha, ulikuwa umechelewa. Na wakicheza wavue mikanda ya shingoni. Kiko aliwahi kunasa taya kwenye mkanda wa Tufani, akajipindua ili ajitoe, mkanda ukamkaba mwenzake, na ilibidi niukate kwa kisu cha jikoni huku wote wawili wanalia. Mikono yangu ilitetemeka hadi jioni.

Ugomvi ukishika, mkono wako usiingie kati ya vichwa viwili. Umesema ulipanda kitini. Ulifanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Watupie blanketi zito, wamwagie maji, sukuma kiti au ubao katikati, kisha kila mmoja chumba chake mpaka kesho yake. Ukiumwa hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakiponi, usikichukulie mzaha kwa sababu eti mbwa ni wako. Huyu jike amechanjwa? Hukuniambia. Na amefungwa kizazi? Kama bado, ujue kwamba hupandwa na joto takriban kila miezi sita, na siku hizo nyumba nzima hubadilika. Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo akamguse mwili mzima. Shaba alipoanza kuwafokea wadogo nilidhani ni uzee, kumbe nyonga. Alipopata dawa ya maumivu, akarudi kuwa mpole.

Kuhusu kumrudisha, sikupi jibu leo, maana ana siku tisa tu kwako. Mbwa akihamia mahali papya, siku za mwanzo hajawa yeye bado. Watenge kwa sasa. Wabadilishie matandiko, huyu alale penye harufu ya mwenzake. Watoke pamoja, kila mmoja na mtu wake, mkitembea sambamba kwa mbali, na kila siku msogee kidogo. Chakula kila mmoja mlango wake umefungwa. Fanya hivyo majuma matatu, na uandike. Wa tatu unayepewa bure, mkatae kwa adabu. Hilo wala si la kufikiria.

Lakini usidhani baba yako hajawahi kumrudisha mbwa. Hapa kuna jambo nililopaswa kukuambia zamani.

Unamkumbuka Popo, yule mweusi mwenye masikio yaliyosimama. Kwa miezi michache tulikuwa na mbwa sita. Ulipotoka shule siku moja hukumkuta, tukakuambia amepata watu wenye uwanja mkubwa wa kukimbia. Watu wapo kweli. Uwanja sikumbuki hata kama ulikuwepo. Nilimtoa mimi, kwa sababu nyumba yetu ilimshinda, na nikaona haya kukuambia hivyo kwa jinsi ulivyokuwa ukinisifu kwa wenzako.

Popo hakuwahi kupigana na yeyote. Hapakuwa na damu wala kelele, ndiyo maana nilichelewa. Wote tulisema Popo mpole, Popo hana makuu. Siku ile ya kuhesabu ugomvi ndipo macho yangu yalipoangukia jina lake. "Popo chini ya meza." Kesho yake, "Popo chini ya meza, hakula mpaka wenzake walipotoka." Ukurasa unaofuata, Popo chini ya meza. Nilikuwa nimeandika sentensi ile kwa mkono wangu karibu kila jioni, na sikuwa nimeisoma.

Alipohamia kule alikuwa peke yake, na yule mama aliyemchukua akaniletea habari baada ya mwezi kwamba Popo anabweka. Mimi sauti ya Popo nilikuwa siijui.

Basi andika, mwanangu, mistari mitatu minne inatosha. Na usiandike wa ugomvi tu. Andika na yule aliyekaa kimya alikuwa wapi. Huyu wako wa kwanza, ambaye barua nzima umemtaja mara moja, analala wapi tangu jike aje?

Mama yako anakusalimu, anasema kiti cha jikoni kina mguu mbovu, usikipande tena.

Baba yako