Kwa Mnaoanza Huduma: Imani Isiishie Kwako Mwenyewe

Wengi wenu mmepata Kipaimara hivi karibuni, na baadhi yenu mmeomba kuingia katika kundi la parokia linalotembelea wagonjwa wodini na wazee majumbani, hapa Tabora mjini na vijiji vya jirani. Nimekuwa katika huduma hii miaka mingi, nami nimewapokea vijana wengi kabla yenu. Wapo waliodumu, na wapo walioacha mapema. Waliodumu hawakuwa lazima wenye bidii kubwa ya kusali wala ufasaha wa kuongea. Walikuwa wale ambao, wakitoka kwa mgonjwa, mazungumzo yao yote njiani yalikuwa habari za mgonjwa.

Mtu anapoanza kumjua Mungu kwa dhati huanza kwa kujitazama, na hilo ni halali. Anachunguza dhamiri yake, anaungama, anaomba afaulu mitihani, apate ajira, apate mwenzi mwema. Shida inakuja anapofanya makazi hapo, miaka ikapita, na kila sala yake ikabaki inamzunguka yeye: dhambi zangu, baraka zangu, maendeleo yangu ya kiroho, jinsi nilivyoguswa siku ya semina. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mcha Mungu machoni pa wote, asijue jina la jirani yake aliyelala kitandani mwezi mzima. Mtume Paulo anawaambia Wafilipi kila mtu aangalie pia mambo ya wengine, na papo hapo, katika sura hiyohiyo ya pili, anamweka Kristo mbele yao kama aliyechukua namna ya mtumwa. Kwa Paulo, unyenyekevu una sura ya mtu fulani aliyeshuka kwa ajili yetu.

Ningependa msome kwa utulivu mwanzo wa sura ya 13 ya Injili ya Yohana. Kabla hajasimulia habari za beseni na taulo, mwinjili anasema kwamba Yesu alijua ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Ndipo aliposimama, akaweka mavazi yake kando, akaanza kuwaosha wanafunzi miguu. Mimi naamini mpangilio huo wa maneno una maana kubwa kwetu. Mtu asiye na uhakika kwamba anapendwa hutumia nguvu zake nyingi kujilinda, kujipima na kutafuta kusifiwa, hata akiwa kanisani. Aliyekwisha kupokelewa na Mungu amepunguziwa kazi hiyo, na mikono yake inapata nafasi. Ndiyo maana siwaambii mwache sala ili mpate muda wa kuhudumu. Nawaambia salini hadi msiwe na haja ya kujitetea, kisha mwende wodini.

Na mkifika wodini, tazameni. Katika hospitali zetu ndugu ndio wanaomwogesha mgonjwa, wanaomfulia, wanaomletea uji asubuhi na ugali mchana. Mgonjwa aliyetoka kijiji cha ndani huko Kaliua au Sikonge, ambaye aliyemleta amelazimika kurudi kwa watoto, anabaki akitegemea huruma ya anayemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili. Kabla hamjafungua kitabu cha sala, macho yenu yaanzie kwenye kabati dogo la kando ya kitanda. Je, kuna kikombe? Kuna kipande cha sabuni? Chupa ya chai ina kitu, au imekaa tupu tangu jana? Kanga aliyojifunika ni ileile ya juma lililopita, na je, imefuliwa? Kabati hilo litawaeleza mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anaona haya kuyatamka.

Msiulize, "Tukusaidie nini?" Bibi wa Kinyamwezi aliyelelewa vizuri atawajibu kwamba hana shida yoyote, atawashukuru kwa kufika, nanyi mtaondoka mkiridhika. Semeni, "Bibi, kanga hii naichukua nikaifue, nitaileta kesho jioni," na kesho jioni iletwe, imekauka, imekunjwa. Mwamkie kwa lugha yake kama mnaijua. Wazee wengi hufunguka wakiamkiwa "Mwangaluka" kuliko wakisomewa sala ndefu. Kisha kaeni. Wengi wenu mtataka kushuhudia, kusimulia jinsi Mungu alivyowaponya ninyi au mama zenu. Yaacheni kwanza, maana mgonjwa aliye na maumivu hawezi kubeba ushuhuda wa mtu mwingine juu ya mzigo wake. Akiomba sala, salini kwa kifupi, na mumtaje kwa jina.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi: msipige. Unga na sukari vinavyokabidhiwa mbele ya simu vinamgeuza mpokeaji kuwa kielelezo cha wema wetu, na Bwana alishatuonya katika Mathayo 6 kuhusu sadaka inayopigiwa tarumbeta. Wekeni daftari la kundi mahali pa picha. Ndani yake andikeni mambo ya wale mnaowatembelea tu: nani anaishiwa dawa lini, nani ana mtoto Dar es Salaam ambaye hajapigiwa simu, nani paa lake linavuja na masika yanakaribia. Hali za mioyo yenu zipelekeni kwa padre.

Chagueni pia siku moja ya juma na muishike, mkiwa na hamu na msipokuwa nayo. Mzee anayewasubiri hapimi ari yenu. Anasikiliza kama mlango umebishwa. Wala msimwache mama nyumbani akiteka maji peke yake kwa sababu mnawahi huduma ya parokia.

Kila ninapowapokea wapya huwasimulia habari za Adrian Atiman. Alizaliwa kandokando ya mto Niger, akatekwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, waliomsomesha udaktari kule Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma, akawa tabibu na katekista hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kuishi akiuguza jeraha lake mwenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitumia maisha yake akifunga vidonda vya watu ambao hawakuwa kabila lake wala lugha yake. Wenye historia ngumu katika kundi letu, nawaomba mlitafakari hilo taratibu.

Kuna jambo la huku kwetu linalohitaji ujasiri wa pekee. Katika mikoa ya kanda hii, Tabora ikiwamo, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi kilichochukuliwa kuwa ushahidi ni macho mekundu, macho yaliyochomwa kwa miaka na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Siku moja mtatumwa kwa bibi ambaye majirani wameacha kumsalimu. Hapo ndipo mtagundua ni kiasi gani cha nafsi kilichosalia ndani yenu, kwa kuwa mtaogopa majina yenu yasichafuke pamoja na lake. Hata wazazi watawaonya. Yakobo anaposema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, hasemi wajane wanaosifiwa mtaani. Mkisikia tetesi, mpelekeeni habari mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na paroko siku hiyohiyo. Pakiwa na vitisho, nendeni polisi bila kuchelewa. Na kwa bibi huyo msiende usiku wala kwa kujificha. Nendeni mchana, wawili wawili, watu wakiona, mkae naye barazani, na akiwakaribisha chakula, mnawe mikono na mle naye.