Muulize Bibi: Bakuli za Kaole, Wamisionari Vijana na Simenti ya Wajukuu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za makaburi. Sishangai, Shaaban ndo hii, watu wanarudi kwao kufagia makaburi ya wazee kabla ya mfungo, na mtu akishashika fagio pale ndo anaanza kujiuliza maswali ambayo mwaka mzima hakuyawaza. Nimechagua machache, yote ya huku kwetu Bagamoyo.

*Shikamoo Bibi. Nilipeleka wanafunzi wangu kwenye magofu ya Kaole, wakaniuliza zile tundu za mviringo kwenye nguzo za makaburi ni za nini. Mi nikawajibu ni madirisha ya kupitisha hewa. Sa hivi naona aibu maana sina uhakika. Halafu mbona makaburi yote yamelala upande mmoja? Mwalimu, Chalinze.*

Marahaba mwalimu. Madirisha! Maiti apitishiwe hewa ya nini jamani. Lakini usione aibu, hata mimi utotoni niliambiwa ni macho ya kaburi, kwamba ukipita usiku yanakutazama, na tulikuwa tunakimbia kweli.

Zile tundu ni vikao vya bakuli. Mjenzi alipomaliza nguzo na lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi alikuwa anachukua bakuli au sahani ya Kichina, anaikandamiza mle, chokaa ikikauka imeshika. Zilikuwa zinang'aa ukizitazama toka mbali. Baadaye bakuli zikang'olewa, nyingine zikapasuka zenyewe, ndo ukabaki ule mduara mtupu wanafunzi wako walioona. Vipande vya vyombo viko kwenye kile kijumba cha makumbusho palepale Kaole, wengi wanakipita mbio kwa sababu wanawahi kuzunguka mbuyu (eti ukiuzunguka unaongezewa umri, mi nimeuzunguka mara nyingi na magoti ni yaleyale).

Sasa waambie wanafunzi kitu hiki, bakuli ile haikuja na Mchina kuileta Kaole mlangoni. Imetoka China ikapita India na Ghuba, mkono kwa mkono, mpaka jahazi lililosukumwa na kaskazi likafika huku, na kusi ikivuma lile jahazi linarudi na pembe na boriti za mikoko. Kwa hiyo mtu aliyebandikiwa bakuli kwenye kaburi lake, watoto wake walikuwa wanasema baba yetu alikuwa mtu wa bahari na alikuwa nazo. Ni kujionyesha, tusidanganyane. Masheikh wetu wanasema kaburi linyanyuliwe shubiri tu kwenda juu, ila wazee wa Kaole walijenga nguzo inayompita mtu mzima kwa mbali na wakaipamba kwa vyombo vya mezani, na msikiti wao uko hapohapo pembeni. Na si Kaole peke yake, makaburi ya nguzo yako Kunduchi, yako Tongoni kule njia ya Tanga kwenda Pangani, yako mpaka pwani ya Kenya na Somalia.

Pale Kaole yako makaburi 22 na misikiti miwili, wa zamani zaidi wanaukisia karne ya 13. Mwaka 1958 alichimba pale Neville Chittick, wakati huo ndo alikuwa mtu wa mambo ya kale wa serikali ya Tanganyika. Mji wenyewe ulikufa pole pole, mikoko ikaziba bandari, vyombo vikashindwa kufika, watu wakahamia kilometa kama 5 kaskazini, ndo Bagamoyo hii tunayoishi.

La kulala upande mmoja ni jepesi. Makka kwetu sisi iko karibu kaskazini kabisa. Tofauti na wanavyodhani watoto wengi wa siku hizi, wanafikiri kibla ni mashariki kwa sababu wamesikia hivyo kwenye tivii. Maiti analazwa kwa ubavu wa kulia uso ukiangalia kibla, kwa hiyo huku pwani kichwa kinakaa mashariki na miguu magharibi. Siku nyingine simama nao penye mihrabu ya ule msikiti uliobomoka, halafu geukeni mtazame makaburi, wataelewa wenyewe bila wewe kufungua mdomo.

*Bibi, kuna kaburi la Sharifa hapo Kaole, nimeona watu wameacha ubani na hela. Je nikienda na mimi niombe au ni haramu? Dada wa Nianjema.*

Mwanangu, hilo ni la sheikh wako, mi ni bibi tu. Ninachokijua ni kwamba wanaokwenda pale wapo toka enzi za mama zangu na hawajaisha, wanawake hasa, wenye shida ya mtoto au ya ndoa. Mimi nikifika namsalimia, namsomea Fatiha, namwombea yeye, naondoka. Ukifika usichukue kitu kilichowekwa na mwenzio na usipige selfi umeegemea kaburi, hilo halihitaji fatwa.

*Shikamoo Bibi, tunabishana kijiweni. Mwenzangu anasema Livingstone, yule mmisionari mpelelezi wa Kizungu, kazikwa kwenye kanisa la Bagamoyo, mi nasema alipita tu. Tumewekeana soda. Kijana wa Dunda.*

Marahaba, kanywe soda yako. Alifia Chitambo, sa hivi ni Zambia, Mei 1873. Moyo wake ulizikwa kulekule chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, na watumishi wake, akina Susi na Chuma, wakaubeba kwa miguu miezi kama 9 mpaka baharini. Ulifika misheni tarehe 24 Februari 1874, ukalazwa kwenye kanisa la zamani, ule mnara wake mpaka leo unaitwa kwa jina lake, ndo chanzo cha mkanganyiko. Toka hapo meli, na akazikwa London, Westminster Abbey, Aprili 1874. Ila mwambie mwenzio asinune, kuna wasomi wamekosea makubwa kuliko hilo.

*Bibi naomba unisaidie. Nilitembea makaburi ya mapadre pale misheni nikasoma misalaba, wengi wamekufa wadogo sana, wengine hata 30 hawajafika. Je waliuawa? Nimelala na hilo swali. Mama wawili, Magomeni.*

Hawakuuawa mama, ni homa. Wale mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka toka Unguja wakaja hapa mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Horner, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Walijenga, walipanda ile njia ya miembe inayotoka baharini, na huku wanajenga wanazikana. Masista nao vilevile. Fikiria, walikuja na nguo nzito, wakalala bila chandarua, wakiamini homa inatoka kwenye hewa mbaya ya vinamasi. Kwamba mbu ndo anayeibeba malaria haikuthibitishwa mpaka daktari Ronald Ross alipoikuta kwa mbu mwaka 1897, yaani karibu miaka 30 baada ya wao kufika. Kwinini walikuwa nayo lakini mtu aliyezaliwa Ulaya hana kinga yoyote mwilini, anaumwa leo, anapona, anaumwa tena, mara ya nne hainuki.

Mi hupenda kwenda pale saa kumi jioni. Misalaba ni midogo, inafanana yote, padre mkubwa na bruda fundi seremala wote msalaba mmoja. Na lile pango la Bikira Maria lililo karibu lilijengwa na hao waliokombolewa, mwaka 1876. Ukisoma majina usisome ya kwanza na ya mwisho tu, soma mwaka wa kufika na mwaka wa kufa, utakuta wengine kati yake hamna kitu.

*Mbona makaburi ya Wajerumani yana ukuta na yamefagiwa, wale waliopigana nao wamezikwa wapi? Msomaji, Mwanamakuka.*

Pale karibu na ufukwe wapo kama 20 hivi, wa miaka ile ya vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, 1888 mpaka 1889 na baada yake, wengine kwa risasi wengine kwa homa ileile niliyoisema. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Watu wake waliokufa huku walizikwa na ndugu zao kwenye viambo vyao, jiwe kichwani jiwe miguuni, basi, hao mashahidi wawili wa jiwe bila maandishi. Mwenye kumbukumbu alikuwa bibi wa nyumba, naye akafa. Kaburi linafagiwa na anayelijua jina, mwanangu. Linaniuma, sikufichi.

*Shikamoo Bibi. Makaburi ya familia yetu yako nyuma ya mnazi wa zamani, ya mawe na chokaa, sasa yanachanika na kuna mti umeota juu ya la babu mzaa babu. Wadogo zangu wamechanga hela, wanataka kuyapiga lipu ya simenti halafu waweke tailizi. Mimi moyo unasita ila sina hoja. Tuna mpaka masika. Dada mkubwa, Bagamoyo mjini.*

Marahaba mwanangu, na moyo wako usikie. Hoja ninayo mimi na nimeilipia.

Kaburi la babu yangu lilikuwa la chokaa, na babu alipozikwa yule aliyejenga aliandika ubavuni kwa kidole, chokaa ikiwa mbichi, jina na mwaka wa Hijria kwa herufi za Kiarabu. Herufi moja ilikuwa imekwaruzika kidogo mwishoni, kama kidole kilikutana na kipande cha kombe. Tulijifunzia kusoma pale. Basi miaka hiyo nikapata vijisenti nikaona nimheshimu babu, nikamleta fundi mmoja nisiyemtaja, akapiga simenti nzuri laini, tukapaka na rangi. Masika ya kwanza linameremeta. Masika ya pili likaanza kutoa mapovu kama maandazi. Ya tatu, simenti ikabanduka pande moja kubwa kama mlango na ikatoka na ngozi ya kaburi, na yale maandishi yamebaki yamegeuka nyuma ya lile pande, likaanguka kifudifudi likavunjika. Nimeokota vipande nimeviweka kwenye ndoo, viko uvunguni mpaka leo, herufi hazipangiki.

Sababu yake nilikuja kuelezwa baadaye. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta maji toka chini na linavuta chumvi ya bahari. Chokaa inaacha maji yatoke, ukuta unalowa unakauka, unalowa unakauka, miaka mia tano haina shida. Simenti ni ngumu, inaziba. Maji yanabaki ndani na chumvi yake, jua likipiga chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inasukuma, na kwa kuwa simenti ni ngumu kuliko jiwe kinachokubali kuvunjika ni jiwe. Tailizi ndo kabisa, hiyo ni kulifunga kaburi kwenye mfuko wa nailoni.

Fanya hivi. Kabla ya lolote kajue umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vilivyojengwa kabla ya 1863, na babu mzaa babu kwa hesabu zangu anaweza kuangukia humo. Pita ofisi ya Mambo ya Kale hapo mjini na picha kwenye simu, waulize. Wakikuruhusu tafuta fundi mzee anayejua chokaa, si kila fundi wa nyumba anaijua. Chokaa iliyozimwa ndoo moja, mchanga safi wa mtoni ndoo tatu, usikubali mchanga wa pwani maana ndo unarudisha chumvi uliyoikimbia. Akikuambia “tutie na simenti kidogo iwe na nguvu” mshukuru umlipe nauli aende. Ukuta uloweshwe kwanza, lipu ipigwe nyembamba nyembamba siku mbalimbali, na ifunikwe na magunia mabichi isikaushwe na jua, chokaa ikikaushwa haraka inakuwa unga. Kama mtazima chokaa wenyewe, watoto wakae mbali, inachemka na inaunguza macho.

Na maandishi yakiwepo, hata mkwaruzo tu usioelewa, piga picha asubuhi jua likiwa linapiga kwa ubavu, ndo yanaonekana. Hapo usipake kitu, hata chokaa.

Huo mti nadhani ni wa ukoo wa mkuyu, ndege ndo wanaoupanda. Usiuvute! Mizizi imeshapita katikati ya mawe na sa hivi yenyewe ndo imeyashika, ukiung'oa unaondoka na kaburi. Ukate usawa wa ukuta, kila ukichipua kata tena, ufe pole pole ndani kwa ndani, halafu mwanya mnaujaza chokaa. Mrehani uliopandwa pembeni uache, huo mizizi yake haina ugomvi na mtu.

Hela za wadogo zako zitabaki, chokaa ni rahisi kuliko walichopanga. Zile tailizi kama wameshanunua wakaweke bafuni.