Kemo imeisha, mbona bado nimechoka?

Wiki hii kuna dada kaniandikia inboksi, kamaliza kemo, zile dawa kali za kansa, juzijuzi tu, anasema nyumbani wote wanamwambia umepona mshukuru Mungu, ila yeye hata kufua nguo mbili hawezi, je ugonjwa umerudi? Nimesoma nikalia, maana hilo swali nimelibeba mwenyewe muda mrefu na hakuna aliyenijibu.

Mdogo wangu, uchovu wa kemo sio wa kazi. Wa kazi ukilala unaisha, huu unalala usiku kucha unaamka mwili mzito vilevile, na unaweza kukaa miezi, wengine hata mwaka na zaidi. Sio lazima iwe kansa imerudi. Ila mwambie daktari, kwa sababu upungufu wa damu au sonona vinaweza kujificha humohumo na vina tiba yake.

Mimi ilikuwa kansa ya titi, nikakatwa titi la kushoto na matezi ya kwapani, ikafuata kemo, halafu mionzi. Kipindi cha matibabu nyumba ilijaa watu, nesi alipochomoa ile sindano ya mwisho wakapiga makofi, baada ya hapo simu kimya. Wifi yangu akasema mbele ya wageni kwamba ugonjwa umeisha, kilichobaki ni uvivu. Nimemsamehe lakini sijasahau.

Kilichoniinua ni kutembea. Nilianza kwa kufika getini na kurudi, mkono umeshika ukuta, vidole vya miguu vina ganzi hata kandambili ikichomoka mguuni sijui. Leo natembea nusu saa siku tano kwa wiki, ndio zile dakika 150 wanazoshauri wataalamu, na najivunia sana. Anza kidogo, kidogo kweli, lakini kila siku.

Kwa mlio bado kwenye dripu: kijiko cha chuma kikikupa ladha ya kutu tumia cha plastiki, vidonda vya mdomo sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi. Na homa jamani! Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, mara nyingi zinashuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, sasa joto likifika 38 usimeze dawa ya homa ukalala ukisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huohuo, maana maambukizi kipindi hicho yanaua haraka.

Mliotolewa matezi kama mimi, pete au bangili ikianza kubana mkono wa upande ule, usikae nayo, mkono ukivimba ukawahiwa unadhibitiwa. Na mnaopewa tamoxifen, vile vidonge vya kuzuia kansa ya titi isirudi, ni miaka 5, wengine 10, msiache kimyakimya eti kwa sababu mnajisikia vizuri, au joto la mwili linawasumbua. Ongeeni na daktari kwanza.

Na nyie waume, mke katoka kwenye kemo usimuulize chakula kiko wapi. Ingia jikoni. Kuuguza hakuishii siku ya dozi ya mwisho, acheni kuwatelekeza watu wakiwa bado hawajasimama.

Dada uliyeniandikia, kabla ya kliniki ijayo andika kwenye karatasi kila kinachokusumbua, uchovu, usingizi, ganzi, kusahausahau, halafu nenda na mtu unayemwamini akusaidie kusikiliza, mimi peke yangu nilikuwa natoka pale nusu ya majibu nimeshayasahau.