Mgeni mpe jembe siku ya tatu (jibu kwa aliyeuliza kuhusu kikundi cha kujitolea kinachopungua watu)

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha kujitolea huko Goba kitapata wapi watu wapya, maana usafi wa mitaro ni wale wale, kuchangia damu ni wale wale, na wengine umri umeshawatupa mkono. Mmetangaza kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka mmechoka, na sasa mnafikiria kuchapisha fulana. Sisi kikundi chetu kiko huku Kimara na tumelipitia hilo, wacha nimwage ninachokijua.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la 2016, kwetu waliondoka katibu, mweka hazina na watu wa kazi kwelikweli, kwa sababu walikuwa watumishi. Tuliobaki tukawa tunawakimbilia wenyeji wa mtaa. Sasa mwenyeji wa Dar unamjua: ana kikoba, ana jumuiya au kamati ya msikiti, ana kamati ya shule, na kila Jumamosi ana kadi ya mchango mfukoni. Huyo ukimpata umepata jina kwenye daftari tu.

Mwenye nafasi ni aliyehamia juzi. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Humo wamo watoto waliozaliwa hapa hapa, lakini wamo pia walioshuka na mabegi. Na msihesabu wa mikoani peke yao. Aliyekulia Magomeni akaja kujenga Goba naye ni mgeni kabisa, hamjui hata jirani wa ukuta wa pili, ila yeye hatakwambia, maana anajiona mtoto wa mjini.

Mnawapataje? Dalali. Huyo ndiye mtu wa kwanza kujua nani anaingia chumba gani, kabla hata kirikuu haijashusha godoro. Halafu Mangi wa dukani, mama wa genge, na kijiwe cha boda. Mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa pia, kwa kuwa mgeni atafika tu kutafuta barua ya utambulisho. Lakini msiombe namba za watu, huo si ustaarabu, na mjumbe mwenye busara hatatoa. Mwachieni ujumbe: “Kuna watu wanakutana Jumamosi asubuhi pale karibu na shule, ukipenda pita uwasalimie.” Basi. Mwenye haja atapita.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu. Mgeni anafika, anasimamishwa mbele ajitambulishe, anatajiwa ada, anaingizwa kwenye grupu lenye watu mia na ujumbe wa asubuhi njema usiokatika, kisha anakabidhiwa reki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe hajakaa. Ndugu yangu, huyu mtu hajaja kwa ajili ya mtaro. Amekuja kwa sababu jioni anafunga mlango hana wa kumpigia, na usiku anawaza: nikifiwa hapa, nani atakuja kukaa na mimi?

Hata Rotary, mtandao wa vilabu vya kujitolea ambao leo unatajwa duniani kote kwa vita dhidi ya polio, ilianzia hapo. Paul Harris alikuwa wakili aliyekulia mji mdogo wa Vermont, Marekani, akahamia Chicago, akawa na wateja lakini hana marafiki. Mwaka 1905 akakaa na wenzake watatu, mfanyabiashara ya makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani, wakawa wanakutania ofisi ya huyu, mara nyingine ya yule. Kusaidia mji kulifuata baadaye, wakaanza na kupigania vyoo vya umma. Urafiki ulitangulia.

Kwa hiyo sisi kila mgeni anapewa mtu mmoja. Si mwenyekiti, mtu anayefanana naye njia au kazi. Alikuja dada mmoja muuguzi kutoka Ruvuma, mpole, anajibu swali kwa neno moja. Tukamkutanisha na mama mmoja anayepanda naye mwendokasi alfajiri. Yule mama hakumweleza habari ya kikundi hata kidogo. Alimwonyesha genge lenye mboga ya bei nzuri, fundi bomba asiye mwizi, na njia ya kupita mvua ikijaza bonde. Wiki chache mbele, ni dada huyo aliyesimama kwenye meza ya kuchangia damu akiwatuliza vijana walioogopa sindano, akiwaeleza kwamba mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4. Alikuwa anaongea kuliko sisi wote.

Ada msimtajie mapema. Aliyehamia ametoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na cha dalali juu. Mwacheni apumue, miezi mitatu hivi. Mikutano ya jioni katikati ya wiki ifuteni, mtu anayetoka Posta kwa foleni hafiki, na akifika amenuna. Jumamosi saa moja asubuhi inatosha, kabla jua halijawa kali, kisha chai na chapati kwa zamu nyumbani kwa mwanachama. Msiiruke hiyo chai hata kama kazi imechelewa. Kwetu watu wengi wamenasia pale.

Wengine wataondoka, wakipata uhamisho au kodi ikipanda. Agana nao vizuri, kuna ambaye ametuletea mpangaji aliyemrithi chumba.

Fulana zisubiri. Hela hiyo nunueni glavu nzito na buti za mvua, maana mitaro yetu ina chupa zilizopasuka, na mgeni aliyechanika mkono Jumamosi ya kwanza humuoni tena.