Mbona mwezi wa kompyuta umesimama? Maswali na majibu

Majuzi niligusia hapa kwamba terminali yangu (lile dirisha la kompyuta la kuandikia amri kwa herufi), kila nikiifungua, hunichorea mwezi wa leo kwa herufi kabla sijaandika amri yoyote. Nilidhani hayo ni mambo ya mtu aliyekosa kazi. Kumbe! Maswali yamekuja mengi, na zaidi ya nusu hayakutoka kwa watu wa kompyuta. Nimechagua machache.

Fundi, mimi nanunua dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu aliyeko chuo anasema kompyuta inaweza kuniambia giza linaanza lini, tena bila bando. Ananidanganya? (Mama wa Kirumba)

Hakudanganyi, mama. Hiyo ni hesabu tupu, intaneti haihitajiki. Mwambie mwanao aandike mistari hii miwili kwa Python, lugha ya kuandikia programu:

```
umri = ((time.time() - 947168400) / 86400) % 29.530588853
nuru = (1 - cos(2 * pi * umri / 29.530588853)) / 2
```

Namba ndefu ya kwanza ni sekunde tangu mwanzo wa 1970, pale kompyuta zinapoanzia kuhesabu, hadi 6 Januari 2000 saa 11:20 jioni kwa saa zetu. Hapo ndipo mwezi mpya wa wastani ulipoangukia. Namba ya mwisho ni siku za mwandamo mmoja hadi mwingine, kwa wastani. Mstari wa kwanza unatoa umri wa mwezi kwa siku, wa pili unatoa sehemu ya uso wake inayong'aa.

Ila kwa biashara yako, mama, nuru peke yake itakupotosha. Kwa msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa: dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina mvuto tena, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Sasa chukua siku nne kabla ya mwezi mpevu na siku nne baada yake. Programu itakupa nuru ileile, asilimia 83, na mchoro unaofanana kama mapacha. Lakini usiku wenyewe haufanani hata kidogo. Kabla ya mpevu, mwezi unakuwa tayari uko angani jioni na unazama kama saa tisa na nusu usiku, giza likibaki la kuelekea alfajiri tu. Baada ya mpevu, unachomoza kama saa nne na dakika 20, maana kila siku unachelewa kiasi cha dakika 50, na kuanzia magharibi hadi hapo ni giza totoro.

Ndiyo maana chini ya mchoro wangu nimeongeza mstari wa herufi 12, herufi moja kwa kila saa ya usiku kuanzia saa moja. Alama ya # ni giza, o ni mwezi:

```
siku 4 kabla ya mpevu    ooooooooo###
siku 4 baada ya mpevu    ###ooooooooo
```

Kwa mnunuzi, mstari huo una faida kuliko mchoro mzima. Mchoro ni wa kupendeza macho.

Mwezi wangu umetoka kama yai, tena yai la bata. Kanuni ya duara nimeihakiki mara tatu. (Mwanafunzi, Nyegezi)

Kanuni yako iko sawa, mdogo wangu. Tatizo ni kwamba kijumba cha herufi kwenye terminali si mraba. Urefu wake ni karibu mara mbili ya upana. Ukihesabu mistari 10 na herufi 10, umechora kitu kirefu kilichosimama wima. Zidisha upana kwa mbili, yai litageuka mwezi.

Ukitaka ukingo laini zaidi, zipo herufi za nusu kisanduku zinazogawa kijumba juu na chini, na zipo nukta za Braille zinazotoa nukta nane ndani ya kijumba kimoja, michanganyiko 256. Zinapendeza. Mimi nimebaki na @ na nukta ya kawaida kwa sababu zinaonekana hata kwenye mashine kuukuu. Angalia pia rangi ya terminali: kama ni nyeupe na maandishi meusi, @ zako ndizo zitakazokuwa giza, na utakuwa umechora mwezi kinyume.

Kwa nini kuhangaika kuchora? Si kuna vimwezi vinane vya emoji? (Msomaji, Buzuruga)

Vipo, na kama vinakutosha vitumie. Kila kimoja kitakaa kwenye skrini karibu siku nne bila kubadilika, na mashine isiyo na fonti yake itakuonyesha kisanduku kitupu. Tena vinane hivyo vimechorwa kwa macho ya watu wa kaskazini, jambo ninaloliendea hapa chini.

Nimeijaribu programu kwa usiku ule wa kupatwa kwa mwezi, 7 Septemba 2025. Niliweka saa 3:09 na majira ya Afrika Mashariki. Ikaniambia bado saa 13 na zaidi mwezi ujae! Mwezi ulikuwa umeshajaa na kuwa mwekundu mbele ya macho yangu. (Msomaji, Sengerema)

Pole, na karibu chamani. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, nikakesha nikiilaumu kanuni. Saa tatu na dakika tisa usiku kwa kompyuta ni 21:09. Ulipoandika 3:09 uliipa saa tisa za alfajiri ya siku hiyo, wakati ambao sisi wote tulikuwa tumelala. Hizo ni saa 18 ulizoirudisha nyuma.

Ukishasahihisha, itakuambia kitu kingine: kwamba mwezi ulijaa saa 10:25 jioni, yaani karibu saa tano kabla ya ukweli. Hapo si wewe tena. Siku 29.53 ni wastani, na mwezi wenyewe hauendi kwa wastani. Njia yake kuizunguka dunia ni duaradufu. Ukiwa karibu, kama kilomita 356,500, unakwenda kasi, na ukiwa mbali, karibu kilomita 406,700, unajikokota. Dunia nayo hufanya hivyohivyo ikilizunguka jua. Jambo la kwanza linaweza kusogeza wakati kwa karibu saa 10, la pili kwa saa 4. Yakiangukia upande mmoja, unakosea kwa saa 14. Yakipingana, yanafutana: mwezi mpya wa 8 Aprili 2024, ule uliolifunika jua kule Marekani, kanuni yetu fupi inaukosea kwa dakika 13 tu. Miandamo 300 kamili tangu Januari 2000, halafu dakika 13! Usiipigie makofi, ilikuwa bahati.

Kwa mchoro wa mistari minane, saa tano hazionekani. Ukitaka dakika, ongeza masahihisho yaliyopangwa na Jean Meeus, mwanafalaki wa Ubelgiji. Mawili makubwa tu, ya mwezi na ya jua, yanaondoa sehemu kubwa ya kosa. Na ukikuta kwenye programu za watu 947182440 badala ya namba yangu, si kwamba mmoja wetu amekosea kuandika. Wao wameanzia mwezi mpya halisi wa usiku ule, saa 3:14 kwa saa zetu, mimi nimeanzia ule wa wastani. Kwa kanuni ya wastani, naona ni haki kuanzia kwenye wastani.

Je, naweza kuiweka msikitini ituambie mwezi umeandama? (Kijana, Mabatini)

Hapana, kijana wangu. Mwezi mpya wa hesabu ni wakati mwezi unapopita upande uliko jua, na hapo hakuna mtu anayeweza kuuona. Hilali ni jambo la macho. Angalia Aprili ile ile ya 2024: mwezi mpya ulikuwa tarehe 8 saa 3:21 usiku, na jua la Mwanza lilikuwa limezama tangu kabla ya saa moja. Jioni ile hapakuwa na hilali ya kutafutwa huku kwetu. Jioni iliyofuata mwezi ulikuwa na umri wa zaidi ya saa 21, na chini ya saa 15 ni nadra sana mtu kuuona kwa macho matupu. Programu inaweza kuwaambia watazamaji wapande kilimani siku gani. Kutangaza waachie wanaohusika.

Jioni nikiwa Capri Point nikitazama mwezi mchanga juu ya ziwa, umelala kama mtumbwi. Kwenye terminali yangu umesimama kama mundu. Nani mwongo? (Msomaji, Igoma)

Swali hili ndilo nililolisubiri. Mwongo si wewe.

Programu nyingi za kuchora mwezi zina ukoo mmoja. Phoon ya Jef Poskanzer, ya miaka ya 1980, huuchora mwezi pamoja na makovu yake yote kwa herufi. Ukiandika `curl wttr.in/Moon` na ukiwa na bando, utaletewa mchoro wa jamii hiyohiyo. Pom, iliyomo kwenye michezo ya zamani ya BSD (mfumo wa kompyuta wa jamii ya Unix), haichori kabisa. Inakuandikia sentensi moja tu, na kwa kutochora huko imeepuka uongo. Zile zinazochora zinamwonyesha mtu aliye mbali kaskazini, anayeutazama mwezi ukiwa upande wake wa kusini: unaokua unang'aa kulia, unaopungua unang'aa kushoto.

Sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Jua letu halizami kwa kuteleza kando, linadidimia kama nanga. Mwezi mchanga unalifuata kwa njia karibu ileile, kwa hiyo magharibi jua liko chini ya mwezi, na upande unaong'aa ni ule unaolielekea jua. Ndio huo mtumbwi wako. Alfajiri, mwezi mkongwe ukichomoza upande wa Magu, jua linaufuata kutoka chini, na ni mtumbwi tena. Hata mwezi uliopita mpevu, ukichomoza saa nne usiku, ule upande uliomegeka uko juu. Usiku, mwezi ukiwa karibu na upeo wa macho, nuru iko chini kwa sababu jua liko chini.

Kwa hiyo badala ya kuchora mstari kwa mstari, chora safu kwa safu. Kwa kila safu, chukua nusu ya kimo cha duara mahali hapo, izidishe kwa kosaini ya ile pembe iliyo kwenye mabano ya mstari wetu wa pili, kisha kuanzia hapo kwenda chini weka @ hadi ukingoni. Mwezi unaopungua una kosaini zilezile, kwa hiyo huhitaji kanuni nyingine. Huu hapa mwezi wa siku tano, kama unavyoonekana ukikaribia kuzama, saa nne na nusu usiku:

```
    ........
  ............
 ..............
................
................
 @@..........@@
  @@@@@@@@@@@@
    @@@@@@@@
```

Hesabu @ zake ukipenda: ni 24 kati ya herufi 100, na hesabu inasema asilimia 26.

Kuna gharama, nayo nimeilipa. Mchoro wa kaskazini unakwambia papo hapo kama mwezi unakua au unapungua, angalia tu ni kulia au kushoto. Wetu hausemi. Kimtumbwi cha jioni na cha alfajiri ni kilekile, kwa hiyo lazima uandike pembeni "unakua" au "unapungua". Nilipousahau mstari huo, wiki mbili nzima sikujua mchoro wangu unaelekea wapi.

Mwenye bidii anaweza kuuinamisha kidogo. Ukitazama magharibi, mwezi mchanga wa Machi hulalia kushoto, wa Septemba kulia, na karibu na Juni na Desemba hukaa sawasawa zaidi. Ama mwezi ukiwa utosini, usijisumbue. Hapo chini na juu vinategemea umelala mkekani kichwa kikielekea wapi.

Nimehamia Mwanza kutoka Tanga. Programu yangu ilikuwa inanitabiria bamvua, siku zile bahari inapojaa na kupwa sana. Mbona huku haifai? (Msomaji, Pasiansi)

Kwa sababu ziwa halina bamvua ya kuonekana, wala maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo. Maji yakipanda pale ufukweni, ulizia upepo au mvua. Usiifute lakini. Siku ukirudi kwa wajomba itafanya kazi kama zamani, bamvua siku moja au mbili baada ya mpevu na baada ya mwandamo. Mchoro nao usiugeuze ukifika: Tanga iko nyuzi 5 kusini, na mtumbwi wa huko umelala kama wetu.