Kakangu ameniambia siri yake, sasa mjomba anataka apelekwe kuombewa

Shangazi, habari ya siku nyingi. Mimi nauza mitumba hapa Nakuru, nimeolewa na nina watoto wawili wavulana. Kakangu kitinda mimba ana miaka 23 na tunakaa naye tangu amalize kusoma. Juzi aliniita jikoni akaniambia yeye anapenda wanaume wenzake, ati amejijua tangu sekondari. Sikumtukana ila nililia sana. Sasa mjomba naye ameshika simu ya huyu kijana akaona mesej, na ameamua tumpeleke kwa mhubiri mmoja akae huko afunge na kuombewa mpaka hiyo kitu itoke. Mama hajui, na mama ni mtu wa kanisa Katoliki, mwenyekiti wa jumuiya. Je huu ni ugonjwa? Nikikaa kimya nitashikwa kwa kumficha? Nimwambie mama? Halafu wanangu wanalala naye chumba kimoja, nafanyaje?
Dada Mkubwa, Nakuru

Mwanangu, nianze na la watoto kwa sababu umeliweka mwisho lakini naona ndilo linakunyima usingizi. Kumpenda mtu mzima wa jinsia yako na kuingilia mtoto ni vitu viwili, havina undugu. Huyo kijana amelala na wanao chumba hicho hicho muda wote huu na kilichobadilika ni kwamba sasa wewe unajua jambo ambalo hukulijua. Watoto uwafundishe kusema wakiguswa vibaya na mtu yeyote, awe mjomba, awe mwalimu, awe jirani anayewanunulia peremende, hiyo ni kazi ya kila mzazi na haihusiani na kakako.

Ugonjwa si ugonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliutoa kwenye orodha yao ya magonjwa 1973, Shirika la Afya Duniani nalo likautoa kwenye orodha yake 17 Mei 1990, yaani kabla kakako hajazaliwa. Kwa hivyo ukisikia mtu ana dawa yake, au ana mafuta, au ana siku za kufunga zinazoitoa, jua hapo kuna pesa inatafutwa au kuna mtu amejidanganya mwenyewe. Sikukatazi kuomba, omba hata usiku kucha. Ila kumfungia mtu mzima mahali, umnyime chakula, umchape ukisema unamtoa pepo, hayo si maombi na ni kosa kisheria, kijana ana miaka 23 na kitambulisho chake, haendi mahali asipotaka. Wengi wanaopitishwa huko hutoka wamejua kitu kimoja tu, kudanganya vizuri zaidi, na wengine hutoka na mawazo ya kujiua, hilo silisemi kukutisha nalisema ulijue kabla hamjampandisha matatu.

Mjomba mwambie hivi, na umwambie peke yake bila hadhira kwa sababu wanaume wa ukoo wakiwa na hadhira hawarudi nyuma: "Mjomba, nimekusikia, lakini huyu anakaa kwangu na haendi popote, na nakuomba jambo hili lisifike kwa grupu ya WhatsApp ya familia." Hilo la grupu ulitilie mkazo. Likiingia huko limefika Dallas na Doha kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kuhusu kushikwa, hapana. Hapa Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo lenyewe la ngono, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, kwa hivyo sheria ipo na kakako asijifanye haipo. Lakini inashika kitendo, haishiki mtu kwa alivyo wala kwa alichomwambia dadake jikoni, na hakuna mahali inakuambia umripoti. Nadhani umechanganya na sheria ya Uganda ya 2023, ile ndiyo iliwataka watu waripoti wenzao, na hata hicho kipengele mahakama yao ya katiba ilikitupa Aprili 2024 ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki.

Sasa mama. Habari hii si yako kuipeleka, ni ya kakako, hata kama wewe ndiye unabebeshwa uzito wake na najua ni mzito. Muulize anataka mama ajue au la. Akitaka, basi mpange: siku gani, nani atakuwepo, na muhimu zaidi atalala wapi mambo yakiharibika usiku huo. Awe na nauli, awe na kitambulisho na vyeti vyake mkononi na visiwe kwenye sanduku la mama. Nimeona barua nyingi mno za vijana waliotolewa nje na kandambili tu, wakaanza kuzungushwa na watu wabaya kwa sababu ya kutafuta pa kulala. Mama akigeukia kanisa, mkumbushe Papa Fransisko mwenyewe alisema Januari 2023 kwamba kuwa shoga si uhalifu. Alisema pia kanisa linaona tendo ni dhambi, usimfiche mama hiyo nusu, atakuja kuisikia kwa padri halafu akuone mwongo.

Na usitarajie ukoo mzima ukubali Krismasi hii. Kwa utafiti wa Pew, shirika la Marekani linalouliza watu maoni yao, mwaka 2002 ni Mkenya 1 tu kati ya 100 aliyesema watu hawa wakubaliwe katika jamii, kufika 2019 ni 14. Imeongezeka lakini hesabu mwenyewe mezani mko wangapi. Wewe ulilia, sawa, sasa rudi jikoni umwambie bado ni kakako, manake tangu siku ile pengine yeye anangoja hilo tu.

Shikamoo Shangazi. Nilikutana na mwanaume kwa app ya kutafuta wapenzi tukapatana, kumbe walikuwa watatu, wamenipiga picha na wanasema nisipotuma pesa wataipeleka kazini. Nimeshatuma mara moja.
Mwoga, Mombasa

Marahaba. Usitume tena. Ukituma mara ya pili umewaajiri, watakuja kila mwisho wa mwezi. Usifute chochote, weka skrinshoti za mesej, namba zao na risiti za pesa uliyotuma, kisha usiende polisi peke yako, tafuta kwanza wakili au mashirika ya haki yanayosaidia watu kama wewe. Kudai mtu pesa kwa vitisho ni jinai bila kujali wewe unapenda nani. Na mtu akikutisha kwamba utapelekwa hospitali ukapimwe huko nyuma kwa lazima, hiyo Mahakama ya Rufaa ilishaiharamisha hapo hapo Mombasa Machi 2018, baada ya wanaume wawili wa Kwale kufanyiwa hivyo.

Shangazi unapotosha watoto. Hii kitu ni ya wazungu, mila zetu haziijui. Mimi nimeoa kanisani miaka 41 na nina wajukuu.
Mzee wa Kapsabet

Mzee hongera kwa ndoa. Lakini sheria inayowafunga watu hawa ndiyo iliyoletwa na mzungu, Mwingereza alituwekea Kanuni ya Adhabu 1930, na kabla ya hapo alitumia hapa ile ya India ya 1860. Wahindi wenyewe walishaacha kuwafunga watu wazima waliokubaliana tangu 2018. Na kwenu Nandi mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kumlipia mahari mwanamke mwenzake apate mrithi wa boma, Mahakama Kuu ilitambua ndoa ya namna hiyo kwenye kesi ya urithi Mombasa 2011. Hao akina mama si mashoga, najua, usiniandikie tena kunieleza. Nauliza tu hiyo mila unayoisema ni ipi hasa, manake harusi ya kanisani mliyofunga babu yako hakuwa nayo.