Namba kubwa kwenye memori kadi siyo unayoitafuta

Namba iliyochapwa kwa ukubwa juu ya kadi ya SD, tuseme 170 au 200 MB/s (megabaiti kwa sekunde), ni kasi ya kusoma, yaani kuhamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kamera kazi yake ni kuandika, na kasi ya kuandika huwa ndogo zaidi. Kadi nyingi hazina namba hiyo usoni. Itafute nyuma ya pakiti au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tena kadi ya UHS-I (kiwango cha mawasiliano kati ya kadi na kifaa) inayotangaza 170 huifikia kasi hiyo kwa kifaa maalumu cha kusomea tu, kwa sababu kikomo cha UHS-I yenyewe ni megabaiti 104 kwa sekunde.

Kwa anayerekodi video, cha kutazama ni alama ndogo ndogo. Namba 10 ndani ya herufi C ni megabaiti 10 kwa sekunde. Namba 1 ndani ya U nayo ni 10, na 3 ndani ya U ni 30. Herufi V haihitaji kufasiriwa: V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Zote zinataja kasi ya chini kabisa ambayo kadi imeahidi kuishikilia muda wote wa kurekodi. Alama za A1 na A2 ziache, hizo zinahusu simu zinazoendesha programu kutoka kwenye kadi.

Hapa ndipo wengi hupigwa chenga: menyu ya kamera huhesabu kwa megabiti, kadi huhesabu kwa megabaiti. Gawanya kwa 8. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, kwa hiyo V30 inatosha na kubaki. Ya megabiti 400 inahitaji 50. Hapo V30 haitoshi, chukua V60. Kadi ikishindwa kwenda na kasi hiyo, kamera husimamisha kurekodi yenyewe, na kwa kawaida hufanya hivyo katikati ya tukio. Lakini kununua V90 kwa kamera isiyozidi megabiti 100 ni kutupa pesa.

Kupiga picha mfululizo ni hesabu nyingine. Faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, la kamera ya megapikseli 24 lina takriban megabaiti 25. Ukipiga picha 10 kwa sekunde, kamera inazalisha megabaiti 250 kila sekunde. Kadi ya UHS-I haiwezi kuzimeza, hivyo picha husubiri kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda ndani ya kamera, na bafa ikijaa, kitufe cha kupigia kinakuwa kizito ghafla. Chukua bafa yenye picha 40, sawa na gigabaiti 1. Kadi inayoandika megabaiti 80 kwa sekunde itaimaliza kwa sekunde 12 na ushei. Inayoandika 250 itaimaliza kwa sekunde 4. Kwa mpira au ndege arukaye, tofauti hiyo utaiona. Kwa picha za watu waliotulia, hutaisikia kabisa.

Kadi ya UHS-II, ambayo ni ya kasi zaidi ya UHS-I, utaijua ukiigeuza: ina safu mbili za pini. Ukiiweka kwenye kamera ya UHS-I itafanya kazi, ila kwa kasi ya UHS-I. Soma kwanza mwongozo wa kamera, na kama ina matundu mawili, angalia kila moja, maana yapo yasiyolingana. CFexpress ni aina nyingine ya kadi yenye umbo jingine kabisa, na aina A na B haziingiliani. Kamera za zamani zinazoishia SDHC, kizazi cha awali cha kadi za SD, hazikubali kadi iliyozidi GB 32.

Sasa uimara. Adui wa kwanza ni kadi feki. Ndani huwa na chipu ya GB 16 au 32 iliyofundishwa kujitambulisha kama 256. Itaonyesha picha vizuri mpaka ujazo wa kweli uishe. Baada ya hapo mafaili mapya yanapotea au yanafuta ya zamani, na kamera haisemi kitu. Kuipima ni rahisi: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Programu hizi huijaza kadi yote kisha huisoma tena kuhakiki. Kadi ya GB 128 huchukua kama saa nzima, lakini unapata majibu mawili kwa mpigo: ujazo halisi na kasi halisi ya kuandika. Fanya hivyo siku ya kuinunua, wakati bado unaweza kuirudisha.

Adui wa pili ni mikono yetu. Usitoe kadi wala betri taa ya kuandika ikiwa inawaka. Fomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta, na ufanye hivyo picha zikishakuwa na nakala mahali pawili. Kadi ya microSD kwenye adapta huongeza sehemu nyingine ya kulegea. Kamera ikidai kadi imefungwa na hukuifunga, tazama kile kitelezi cha pembeni. Kikichakaa huteleza chenyewe kila unapoiingiza.

Ukiwa na matundu mawili, weka kamera iandike picha ileile pande zote. Ujue tu kuwa itakwenda kwa mwendo wa kadi iliyo polepole zaidi.

Kadi ikileta hitilafu, usipige hata picha moja zaidi na usifomati. Itoe, endesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, kwenye kompyuta, na mafaili yanayookolewa yaelekeze kwenye diski nyingine. Kadi hiyo isirudi tena kazini, hata ikifomatika vizuri.